Je, kuna haja ya kuadhimisha ukombozi wakati moyo hausikii kitu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nashiriki Meza ya Bwana tangu nibatizwe, lakini siku hizi napokea mkate na kikombe kama mtu anayetimiza ratiba tu. Mume wangu anasema Pasaka na sikukuu ni mambo ya Agano la Kale, ukombozi unakumbukwa moyoni. Tena mwaka huu ibada ya Pasaka pamoja na Meza yake vilinipita kwa kuwa nilikuwa namuuguza mama. Je, nimetenda dhambi? Na kuna haja gani ya kurudiarudia jambo ambalo moyo haulisikii?

JIBU: Amina, dada yangu, na pole kwa kuuguza.

Kuna jambo tunalolipita mbio tukisoma Kutoka 12. Agizo la kuifanya siku ile kuwa ukumbusho (12:14) lilitolewa Waisraeli wakiwa bado watumwa. Damu ya mwana-kondoo ilikuwa haijapakwa mlangoni, wala bahari hakuna aliyeivuka. Naye Bwana Yesu alisema "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu" (Luka 22:19) usiku wa kuamkia msalaba, mbele ya wanafunzi waliokuwa saa chache tu kabla ya kumkimbia. Adhimisho lilitangulia tukio lenyewe, sembuse hisia zetu. Mungu anajua tunavyosahau.

Na hawakukawia kusahau. Siku tatu baada ya Bahari ya Shamu walikuwa wananung'unika kule Mara, penye maji machungu. Baadaye jangwani (Hesabu 11:5) wakawa wanatamani samaki waliokula Misri bure, matango, matikiti, vitunguu, vitunguu saumu. Bure! Watu waliofyatua matofali huku wakichapwa! Moyo ukiachiwa peke yake ukumbuke, huokota utamu na kuacha fimbo. Ndiyo maana Mungu aliagiza mboga chungu katika mlo wa Pasaka. Waliambiwa wale kwa haraka, viatu miguuni, fimbo mkononi. Hebu mwone mtoto aliyezaliwa huru akitafuna ule uchungu, uso unamkunjamana, anamgeukia baba yake kuuliza maana yake nini. Swali hilo Mungu alilitazamia (12:26), na jibu lake likaandikwa kabisa.

Mume wako ana sehemu ya haki. Paulo anakataza tuhukumiane kwa habari ya sikukuu (Wakolosai 2:16), na mwana-kondoo hatuchinji tena kwa kuwa Pasaka wetu ni Kristo (1 Wakorintho 5:7). Hata kanisa la kwanza halikukubaliana tarehe ya Pasaka: katikati ya karne ya 2 Polikarpo, askofu wa Smirna, alikwenda Roma kuzungumza na Aniketo, askofu wa huko, kila mmoja akabaki na desturi yake, wakaachana kwa amani. Hofu ya mazoea nayo ina msingi. Nyoka wa shaba aliyeinuliwa na Musa, kumbukumbu halisi ya kuokolewa, aliishia kufukiziwa uvumba mpaka mfalme Hezekia akamvunja vipandevipande (2 Wafalme 18:4). Ila Hezekia huyohuyo, kwa mujibu wa 2 Mambo ya Nyakati 30, aliwaita watu warudi kuifanya Pasaka. Meza ya Bwana, dada yangu, ni agizo la Bwana mwenyewe. Hatuwezi kuihamishia moyoni tukaona yatosha.

Kuhusu ukavu wako, nikukiri kitu: nimewahi kusimama mezani nikiongoza huku nawaza kama vikombe vitatosha. Kilichonishikilia ni neno la Paulo kwamba kila tulapo na kunywa "twaitangaza" mauti ya Bwana hata ajapo. Mtangazaji akiwa amechoka, habari haigeuki. Isitoshe, Paulo hakuwakemea Wakorintho kwa kukosa machozi. Aliwakemea kwa sababu mezani mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa.

Kwa hiyo ukitaka kujipima, soma Kumbukumbu la Torati 5:14-15. Sabato ile mtumwa na mjakazi wapumzike kama wewe, kisha inakuja sababu: nawe ulikuwa mtumwa Misri. Ukiinuka mezani, mtazame anayekufanyia kazi. Anapata siku ya kupumzika? Mshahara wake umelipwa?

Sasa Pasaka iliyokupita. Hesabu 9 inasimulia watu waliokuwa wamegusa maiti, wakazuiwa kushiriki, wakaenda kwa Musa wakilalamika. Musa hakuwa na jibu. Akawaambia wangoje amsikilize BWANA. Jibu likaja: mwenye unajisi wa maiti au aliye safari ya mbali aifanye mwezi wa pili, siku ya 14, kwa mikate isiyotiwa chachu na mboga zilezile chungu. Aliyekaripiwa ni yule aliye safi, hana safari, akapuuza tu. Wewe ulikuwa kando ya kitanda cha mama yako. Mwambie mchungaji wako awaletee Meza nyumbani, mshiriki pamoja na mama, na mumeo akiwapo aulize maswali yake hapohapo.