Kilomita chache si injini mpya

SWALI: Kikundi chetu kimepewa gari la zimamoto lililostaafu, la mwaka 1979. Limetembea kilomita 31,000 tu. Fundi anasema injini bado mpya: tupige rangi, tuliwashe dakika tano kila wiki, na tukaze nati za pampu kwa sababu maji yanadondoka kwenye shafti. Tumsikilize?

JIBU: Spana iwekeni chini kwanza. Kama pampu ni ya pakingi za kamba, yaani kamba zinazozungushiwa shafti kuzuia maji, matone hayo yanatakiwa. Ndiyo yanayopoza na kulainisha pakingi. Mkikaza hadi pakauke, pakingi itaungua, shafti itachimbika, na hapo ndipo mtauona uvujaji wenyewe. Yakiwa mchirizi, kazeni kidogo kidogo pande zote sawa, kisha subirini muone.

Sasa hizo kilomita. Sijui nimesikia mara ngapi "limetembea kidogo", na kila mara anayesema ama anauza gari au anatafuta kazi ya rangi. Gari la zimamoto hutoka kituoni injini ikiwa baridi na kukanyagwa mafuta hadi mwisho. Likifika kwenye moto linasimama, na kazi inaanzia hapo: injini inazungusha pampu kwa kasi saa nzima au zaidi, magurudumu yametulia. Mita ya kilomita haioni chochote. Hata bila moto, utaratibu wa NFPA, shirika la Marekani la viwango vya kujikinga na moto, wa kupima pampu kila mwaka unachukua dakika 40 za kusukuma maji kwa shinikizo, gari likiwa halijasogea hata hatua moja. Tafuteni mita ya saa, ile inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi, kama ipo. Haipo? Pimeni mgandamizo wa kila silinda na shinikizo la oili injini ikiwa moto.

Dakika tano kila wiki ni kuliua gari polepole. Oili haipati joto, unyevu wa uunguaji unabaki ndani, na kutu inaanza. Afadhali mara moja kwa mwezi, liendeshwe nusu saa barabarani.

Na mafundi wa namna hii wako kila mahali magari ya zamani yalipo: wanaficha kutu kwa pati, wanaziba tangi kwa gundi, wanang'arisha matairi yaliyokufa. Tairi la akiba lenye meno marefu linaweza kuwa la miaka 20. Someni tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kisha tangi: likiwa la lita 1,800, maji yake ni karibu tani mbili, na kama vizuizi vya ndani ya tangi vimeliwa na kutu, mzigo huo wote unahama upande mmoja kwenye kona. Breki za mwaka 1979 ndizo zinazotakiwa kuukabili. Mabomba yake na maji ya breki vibadilishwe kabla hamjanunua hata kopo moja la rangi.

Rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu kabla haijapimwa kama ina risasi, ile metali yenye sumu.