Baiskeli na Kitanda Nyuma ya Pikapu

SWALI: Nataka kibanda cha kulala nyuma ya pikapu, kibebe na baiskeli mbili. Nianze na nini?

JIBU: Anza na uzito. Chukua uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari, toa uzito wa gari tupu; kinachobaki ndicho cha watu, maji, kibanda na vifaa. Lita 60 za maji ni kilo 60, kwa hiyo tangi likae chini, mbele ya ekseli (mhimili wa magurudumu) ya nyuma. Baiskeli usizitundike nyuma kabisa: tairi za mbele hupungukiwa uzito na usukani huwa mwepesi, hatari hasa kwenye changarawe. Zitoe magurudumu ya mbele, uziingize chini ya kitanda. Pima usukani wa baiskeli kabla ya kukata mbao! Mtungi wa gesi uwekewe tundu sakafuni, maana gesi ikivuja hushuka.