Maswali ya wasomaji: Kirusi na Kijerumani, ugumu uko wapi?

Nataka kuanza lugha mpya na nimekwama kati ya Kijerumani na Kirusi. Kila ninayemuuliza ananionya kuwa herufi za Kirusi zitanishinda. Ni kweli?

Herufi hazikushindi. Ziko 33, na ukikaa nazo nusu saa kila siku, wiki mbili zinatosha. А, К, М, О na Т unazijua tayari. Zinazodanganya ni zile zenye sura uliyoizoea na sauti nyingine: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u, na Х ni kh ya "kheri". Neno РЕСТОРАН linasomwa "restoran", yaani mkahawa, ingawa jicho linaona kitu kingine kabisa. Anza na hizo sita. Ж na Щ zinatisha kwa sura, lakini kwa kuwa hazifanani na chochote, ni vigumu kuzikosea.

Kinachotesa ni shadda. Katika Kiswahili shadda hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache kama barábara (sawasawa), tofauti na barabára (njia) inayofuata kanuni. Katika Kirusi inaweza kukaa popote, na maandishi ya kawaida hayaionyeshi: zámok ni kasri, zamók ni kufuli. Isitoshe, o isiyo na shadda hufifia ikawa karibu na a, ndiyo maana moloko (maziwa) hutamkwa "malakó". Kwa hiyo usiandike neno jipya daftarini bila kuweka alama ya shadda.

Kijerumani ni kipole zaidi hapo. Maneno mengi ya asili huwa na shadda mwanzoni mwa mzizi. Tatizo lake ni irabu: schon ni "tayari", schön ni "-zuri". Kupata ö, viringa midomo kama unasema o, kisha tamka e bila kuilegeza. Kwa ü, midomo ya u, sauti ya i.

Nimesoma kuwa Kijerumani kina uhusika wa aina nne na Kirusi sita. Si basi, Kijerumani ni rahisi?

Hesabu hiyo inapotosha. Uhusika ni umbo linaloonyesha kazi ya nomino katika sentensi: nani ametenda, nini kimetendwa, nani amepewa. Kirusi hubadilisha mwisho wa nomino yenyewe: stol (meza), stola, stolu, stolom, stole. "Ninaandika kwa kalamu" ni pishu ruchkoy; ile "kwa" yetu imo ndani ya -oy. Kijerumani huiacha nomino karibu ilivyo na kubadilisha kibainishi, yaani kineno kilichoitangulia: der Mann (mwanamume), den Mann, dem Mann. Umbo la nne, des Mannes, ndilo linaloigusa nomino. Kirusi, kama Kiswahili, hakina vibainishi hivyo kabisa.

Lugha zote mbili zina jinsia tatu za nomino, na aliyekulia kwenye ngeli hashtuki. Katika Kirusi mwisho wa neno hukwambia: konsonanti ni ya kiume, -a ya kike, -o isiyo ya kiume wala ya kike. Maneno yenye utata hasa ni yale yanayoishia na alama laini (ь). Kijerumani hakikwambii mara nyingi. Viishio kama -ung, -heit na -keit huashiria kike, na -chen huifanya nomino isiwe ya kiume wala ya kike, hata Mädchen, "msichana". Yaliyobaki, kariri pamoja na der, die au das tangu siku ya kwanza. Anayeahirisha huja kukariri kila neno mara mbili.

Sasa fika kwenye sifa, maana hapa ndipo Mswahili anapokosea kwa sababu ya mazoea mema. Sisi tunapatanisha kila kitu: watu wazuri wawili wamefika. Kirusi hufanya vivyo hivyo upande wa mwisho wa neno: novyy stol (meza mpya), novogo stola (na hiyo g ya -ogo husomwa v). Kijerumani hugawana kazi. Katika der gute Wein (divai nzuri), der imekwisha kusema kila kitu, basi sifa inapumzika na -e tu. Katika ein guter Wein, ein haionyeshi jinsia, kwa hiyo sifa inabeba -er. Ukiandika der guter Wein, umeweka alama mara mbili. Jiulize kila mara: kibainishi kimeshaonyesha? Swali hilo moja linafaa kuliko kukariri majedwali matatu.

Mwalimu wangu wa Kirusi anaikata sentensi "ya budu napisat'" (mimi nitaandika). Kosa liko wapi?

Vitenzi vya Kirusi huenda viwiliviwili. Pisat' hutazama tendo likiendelea au likirudiwa. Napisat' hulitazama likiwa limekamilika. Pisal ni "alikuwa akiandika" au "aliandika" bila kusema kama alimaliza. Napisal ni "ameandika, imekwisha". Budu hukubali kitenzi cha kundi la kwanza tu: budu pisat'. Cha pili kina wakati ujao ndani yake: napishu, "nitaandika nimalize". Vivyo hivyo, baada ya nachat' (kuanza) hufuata kundi la kwanza daima. Kariri jozi nzima, hasa zisizofanana, kama govorit' na skazat' (kusema).

Kijerumani hakina jozi hizi. Chenyewe kinakutesa kwa mpangilio: katika kishazi tegemezi, kitenzi kinakwenda mwisho: weil ich heute arbeite, "kwa sababu leo ninafanya kazi".

Mbona Kirusi kina maneno ya Kijerumani? Yananisaidia?

Mengi yaliingia kuanzia enzi za Peter Mkuu, mtawala wa Urusi (1672–1725), pamoja na wataalamu na maofisa. Yanasaidia, ila angalia maana. Buterbrod ya Kirusi ni mkate wenye chochote juu yake, hata pasipo siagi, ingawa Butterbrot ni mkate wa siagi. Parikmakher ni kinyozi. Katika Kijerumani Perückenmacher ni mtengeneza nywele za bandia, na kinyozi wao ni Friseur.