Maswali ya Wasomaji: Maneno ya Mafundi Wajengao Nyumba

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu ambao nyumba zao ziko katikati ya ujenzi, na karibu zote zinalalamikia jambo moja: mwenye nyumba na fundi hutumia neno lilelile huku kila mmoja akiwa na kitu chake akilini. Tumechagua tano kati ya hizo.

Swali: Ndugu Mhariri, fundi wetu hutaja lenta, mkanda na boriti kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali katika michoro ya mhandisi naviona vikiwa vitatu na kila kimoja kina nondo zake. Je, hayo ni majina tu, au ipo tofauti ninayopaswa kuijua kabla ya kununua nondo?

Jibu: Ndugu msomaji, tofauti ipo, na njia nyepesi ya kuishika ni kuuliza kila kimoja kinabeba nini. Dirisha au mlango unapoachwa ukutani, matofali yaliyo juu ya uwazi huo hukosa pa kukalia, na lenta ndiyo inayoyapokea na kuupeleka uzito wake kwenye ukuta wa pande mbili. Kwa sababu hiyo lenta haiwezi kuishia ukingoni mwa dirisha, bali inapaswa kuulalia ukuta kwa walau sentimita 15 kila upande. Mkanda nao huzunguka nyumba nzima juu ya kuta bila kukatika, na kazi yake kubwa ni kuzifunga kuta hizo ziwe kitu kimoja, zisiachane kwenye pembe pale ardhi inapotitia upande mmoja au inapotetemeka. Katika nyumba nyingi zisizo na ghorofa, mkanda hupitishwa usawa wa juu wa madirisha na hivyo kufanya kazi ya lenta pia, jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo lililofanya majina haya yachanganywe. Boriti ni tofauti zaidi, kwa kuwa hiyo huvuka kutoka nguzo hadi nguzo, au ukuta hadi ukuta, ikiwa imebeba mzigo pasipo kitu chochote chini yake.

Tofauti hiyo inagusa nondo moja kwa moja, na hapa tunakuomba usome kwa makini. Zege hustahimili sana kugandamizwa, lakini uwezo wake wa kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya huo, kwa hiyo nondo huwekwa mahali ambapo zege litavutwa. Boriti iliyoegemea nguzo mbili ikibebeshwa mzigo hupinda kidogo katikati, hata kama jicho halioni, ambapo upande wa juu hugandamizwa na upande wa chini huvutwa, na ndiyo maana nondo kubwa hukaa chini. Roshani iliyochomoza nje ya ukuta hufanya kinyume chake: ncha yake huinama, upande wa juu ndio unaovutwa, na nondo kubwa lazima ziwe juu. Fundi aliyezoea boriti za kawaida akiziweka nondo za roshani chini, kazi yake itaonekana safi kabisa siku ya kumwaga zege, na kosa halitaonekana tena mpaka roshani ipasuke pale inapokutana na ukuta. Ringi zile za mraba zinazozifunga nondo zote pamoja si za kushikilia tu. Huzuia boriti isikatike kwa mshazari karibu na nguzo, na hiyo ndiyo sababu mhandisi huzikaribianisha zaidi kwenye ncha kuliko katikati. Basi kabla zege halijamwagwa, shika mchoro mkononi, hesabu nondo za juu na za chini, pima nafasi kati ya ringi, na uhakikishe kwamba vile vibonge vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti vimewekwa ili nondo zisiguse mbao za kumwagia zege. Nondo iliyo karibu mno na uso wa zege hupata kutu, na kutu huvimba na kulibandua zege.

Swali: Ndugu Mhariri, saruji, zege na udongo wa kujengea vinatofautianaje? Na je, ni sahihi fundi kuniambia kuwa zege “limekauka” asubuhi inayofuata na hivyo tunaweza kuendelea?

Jibu: Saruji ni ule unga peke yake. Iliyo ya kawaida zaidi huitwa saruji ya Portland, jina alilolitoa Joseph Aspdin wa Uingereza alipoipatia hataza mwaka 1824, kwa kuwa ikishakuwa ngumu ilimkumbusha mawe ya ujenzi yaliyochimbwa Portland. Saruji ikichanganywa na mchanga na maji ndipo unapatikana udongo wa kujengea, ambao wengine huuita mota na ambao pia hutumika kupigia lipu. Na kokoto zikiongezwa, mchanganyiko huo huwa zege. Fundi anapotaja moja kwa mbili kwa nne, anasema kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, na vipimo hivyo vinapaswa kupimwa kwa chombo kimoja kisichobadilika, kwa sababu koleo moja halilingani na jingine.

Kuhusu neno “kukauka”, tungependa liachwe kabisa kwenye maeneo ya ujenzi, maana linapotosha. Zege haliwi gumu kwa kupoteza maji, bali kwa saruji kuungana na maji katika badiliko la kikemikali linaloendelea kwa wiki nyingi. Likikaushwa mapema na jua au upepo, badiliko hilo husimama njiani na zege hubaki dhaifu, lenye nyufa na vumbi juu. Neno linalofaa ni kukomaa. Zege hufikia takriban theluthi mbili ya nguvu zake katika siku 7 za mwanzo, na wahandisi hulipima kwa nguvu ya siku 28. Kwa hiyo limwagilie maji au ulifunike kwa magunia yenye unyevu kwa siku 7 angalau. Mbao za ubavuni zinaweza kuondolewa baada ya siku moja au mbili, lakini miti inayoegemeza boriti au sakafu ya juu kutoka chini hubaki hadi mhandisi atakaporuhusu. Na maji yanayoongezwa ili zege limwagike kwa urahisi ni hasara tupu, kwani yale yasiyotumiwa na saruji huacha vinyweleo ndani yake.

Swali: Ndugu Mhariri, tulikubaliana na fundi bei ya “kusimamisha boma”. Sasa anasema mkanda na kuta za pembetatu zinazofika kwenye paa ni kazi nyingine. Nani yuko sahihi?

Jibu: Tunaielewa huzuni yako, lakini kwa bahati mbaya neno boma halitoshi kuamua. Wengi hulitumia kwa maana ya nyumba iliyofikia mahali pa kuanza kupaua, na kwa maana hiyo mkanda na kuta za pembetatu vimo. Wengine huishia kwenye tofali la mwisho chini ya mkanda. Kwa kazi iliyobaki, andikeni upya makubaliano yanayotaja sehemu ya nyumba na kipimo chake badala ya jina la hatua: mita za mraba za ukuta, mita za urefu wa mkanda, mita za ujazo za zege, na ni nani anayeleta maji, mbao za kumwagia zege na jukwaa la kupandia. Hata neno umaliziaji, ambalo utalikuta mbele, lina shida hiyohiyo, kwa kuwa mmoja huanzia kwenye lipu na mwingine kwenye rangi.

Swali: Ndugu Mhariri, kuta zetu zina unyevu unaopanda kutoka chini, na rangi inabanduka. Tumeambiwa jamvi ni bovu. Jamvi ni nini hasa, na je, ndilo lenye kosa?

Jibu: Jamvi ni bamba la zege linalomwagwa juu ya mawe na kifusi kilichoshindiliwa ndani ya msingi, ambalo sakafu ya chini hukaa juu yake. Chini yake hutandikwa nailoni nene ya kuzuia unyevu. Hata hivyo, unyevu unaopanda ukutani mara nyingi hauna uhusiano na jamvi, kwa sababu tofali hunyonya maji ya ardhini kama utambi, na kinachopaswa kuyazuia ni tabaka jembamba lisilopitisha maji linalolazwa juu ya ukuta wa msingi kabla ukuta wa nyumba haujaanza. Tabaka hilo linatakiwa kuwa walau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Anza kwa kukagua nje, kwani inawezekana lipo na ni zima, ila udongo wa bustani au sakafu ya nje iliyoongezwa baadaye imelifunika na kuyapa maji daraja la kulivuka. Kuondoa udongo huo ni kazi ya siku chache, na ifanywe kabla ya kuvunja chochote.

Swali: Ndugu Mhariri, tunakaribia kupaua. Naomba ufafanuzi wa kenchi, papi, kofia na fishabodi.

Jibu: Kenchi ni viunzi vya pembetatu vya mbao au chuma vinavyobeba paa zima, papi ni mbao nyembamba zinazopita juu ya kenchi na kupigiliwa mabati, kofia ni bati lililokunjwa linalofunika mgongo wa paa, na fishabodi ni ubao unaoziba ncha za kenchi kwenye ukingo wa paa na kushikilia mfereji wa maji ya mvua. Kuna kitu cha tano ambacho hukukitaja, nacho ni vyuma vya kuzifunga kenchi kwenye mkanda. Upepo mkali haulisukumi paa chini tu, bali hulinyanyua, na kenchi iliyopigiliwa misumari kwenye ubao uliolala tu juu ya ukuta haina kinachoizuia isiondoke. Vyuma hivyo hupachikwa mkanda unapomwagwa, zege likiwa bado bichi. Ikiwa mkanda wenu haujamwagwa, waagizeni mafundi waviweke sasa. Ikiwa umeshamwagwa bila vyuma hivyo, mwiteni mhandisi awaonyeshe namna ya kutoboa na kufunga boliti kabla kenchi ya kwanza haijapandishwa.