Kwa mnaoanza kuandika habari za viongozi wa nchi jirani

Mkipangiwa dawati la Afrika Mashariki mtaambiwa mjihadhari na uongo. Sawa. Ila sifa mbaya ya rais wa jirani mara nyingi hujengwa kwa habari ya kweli kabisa, kupitia kichwa cha habari, picha iliyochaguliwa, na mtu ambaye hakupigiwa simu.

Chukueni vifaranga wa Namanga, mji wa mpakani mwa Tanzania na Kenya. Mwishoni mwa Oktoba 2017 maofisa wa Tanzania walichoma vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya. Mwezi huohuo ng'ombe zaidi ya 1,000 wa wafugaji wa Kenya walipigwa mnada upande wa Tanzania. Yote yalitokea, na Wakenya walikuwa na haki ya kukasirika. Sasa tazameni kinachotokea mezani kwa mhariri msanifu wa gazeti la Kenya: "maofisa wa mifugo" wanaondoka, "Magufuli" anakaa mahali pao, kwa sababu jina lake ni fupi na linauza. Katazo la kuingiza kuku, lililokuwepo tangu hofu ya mafua ya ndege na kabla yeye hajawa rais, linasukumwa chini. Msomaji wa Nairobi anabaki na rais anayewachukia Wakenya hadi vifaranga wao.

Kwa ng'ombe ni tofauti. Magufuli mwenyewe alisimama hadharani kuutetea ule mnada, kwa hiyo hapo mtajeni bila woga. Swali la kuuliza kila mara ni nani aliamua, na tunajuaje?

Sisi wa Dar tusijifanye wasafi. Magazeti yetu, Uhuru likiwemo, yalimwita Idi Amin wa Uganda "nduli" mpaka likawa kama cheo chake, hasa baada ya jeshi lake kuvamia Kagera mwaka 1978. Ilikuwa vita, na magazeti yalikuwa ya chama na serikali, siwalaumu sana. Lakini kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 na kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum mwaka 1977 havikuhitaji tusi. Mwandishi mwenye tusi mkononi huwa mvivu wa kutafuta tarehe.

Kuhusu picha: ile ya rais aliyekunja ndita itapendwa na kila mhariri. Angalieni ilipigwa lini.

Na mkishindwa kubadilisha kichwa cha habari, pambaneni katazo la kuku liingie aya ya pili. Aya ya tisa ndiyo hukatwa ukurasa ukijaa.