Bibi Aliyefariki Akiwa Mwislamu

Dada yangu, umeuliza kama bibi yako wa Kariakoo, aliyefariki akiwa Mwislamu, amepotea, kwa kuwa katekista alikwambia nje ya Kanisa hakuna wokovu. Pole sana kwa msiba, na pole kwa jibu hilo, maana ulipewa nusu tu ya mafundisho. Mtakatifu Sipriani wa Karthago, katika karne ya 3, aliandika hivyo akiwakabili Wakristo waliokuwa wakijitenga na Kanisa, si bibi aliyekunja mswala wake alfajiri ndipo akuamshe uwahi misa ya kwanza. Mwaka 1949 Roma ilikataa tafsiri kali ya padre Leonard Feeney wa Boston, kwamba asiye Mkatoliki hawezi kuokoka, na mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, katika hati ya Lumen Gentium, namba 16, ulifundisha kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri zao kwa msaada wa neema, wanaweza kuokoka. Wanaweza, dada, hukumu ni ya Mungu, na anayeokoa ni Kristo yuleyule. Nenda ofisi ya parokia uandikishe nia ya misa kwa jina lake, kwani kanuni ya 901 ya Sheria za Kanisa inaruhusu misa kwa ajili ya marehemu yeyote.