Mtafute mama yao kwanza

Umeuliza kama uwachukue leo hii wale watoto wanne wa paka uliowakuta nyuma ya ghala, kwa kuwa mama yao haonekani. Nakusihi usubiri kwanza, ukiwatazama kwa mbali kwa saa kadhaa, kwani mara nyingi mama huwa ameenda kutafuta chakula na hatarudi akikuona umesimama karibu. Watoto walioshiba hulala kimya wamelundikana, matumbo yakiwa yamejaa. Wakilia mfululizo na miili yao ikiwa ya baridi, hapo wachukue, uwapashe joto kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa kitambaa kabla ya kuwalisha, na usiwape maziwa ya ng'ombe, maana huwaharisha.

Mama akirejea, waache wanyonye hadi wafikishe angalau wiki 8, huku ukiwazoesha mkono wa binadamu mapema, kwa sababu paka aliyekua bila kushikwa humkwepa mtu, na ni vigumu kumpatia makao. Anayeomba kuwalea mhoji bila haya: akisafiri, nani atawalisha? Mama naye usimsahau. Mpeleke kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi mara watoto wakiacha kunyonya, kwani aweza kushika mimba hata akiwa bado ananyonyesha.